Igeuzeni Ndani Nje: Cherehani Kongwe kwa Mshonaji wa Nguo za Kihistoria

Ndugu washonaji, mafundi wa mavazi ya jukwaani, watunzaji wa makusanyo ya nguo, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mmerithi cherehani nzito msiyojua muifanyie nini: asanteni kwa kuja.

Watu husema vya kale ni dhahabu. Kwa upande wetu vya kale ni chuma, na chuma hiki kinataka kazi. Cherehani ya mwaka 1890 iliyowekwa dirishani ikapangwa maua juu yake haimfundishi mtu chochote. Itie mafuta, ifunge mkanda mpya wa ngozi, ipe kitambaa, nayo itakuonyesha jinsi nguo za wakati wake zilivyofikiriwa: kwa nini mshono ule umepita pale, kwa nini ukingo ule umekunjwa mara mbili, kwa nini mapambo yaliongezeka ghafla hadi gauni likaonekana limevaa gauni jingine. Tunazikusanya ili tushone nazo, na tunashona nazo ili tuielewe nguo. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Lakini kwanza niwavunje moyo baadhi yenu. Kama nguo unazozishughulikia ni za kabla ya miaka ya 1850, huna haja ya cherehani yoyote, kongwe wala mpya. Gauni la mwaka 1780 lilishonwa kwa mkono kuanzia uzi wa kwanza hadi wa mwisho, tena kwa utaratibu ambao mashine haiwezi kuufuata. Mara nyingi fundi aliukaza bitana mwilini, akayakunja marinda ya kitambaa cha juu palepale, kisha akayashona kutokea nje, tabaka zote kwa pamoja. Ukilishona kimashine, yaani uunganishe vipande kwa upande wa ndani halafu ugeuze, utapata gauni lenye sura ya 1780 na tabia ya kitu kingine kabisa. Mgongoni litakataa kukaa. Kwa kazi hiyo, cherehani ibaki sandukuni; chukua sindano, nta na taa nzuri.

Wa jukwaani wananitazama kwa jicho baya. Najua. Mtazamaji aliyekaa safu ya kumi haoni mshono, na onyesho linafunguliwa Ijumaa. Shoneni mnavyoweza. Ila mjue mnachokiacha.

Sasa tuje kwenye mashine. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1830, na karakana yake mjini Paris ikawa na mashine karibu 80 zikishona sare za jeshi. Mwaka 1831 mafundi walioogopa kunyang'anywa riziki waliivamia na kuzivunja. Mashine yake ilitumia uzi mmoja na sindano yenye ndoana, ikatoa mshono wa mnyororo. Marekani, katika miaka hiyohiyo ya 1830, Walter Hunt alibuni njia ya nyuzi mbili zinazofungana katikati ya kitambaa, kwa sindano yenye tundu kwenye ncha, asiombe hataza. Elias Howe aliomba, akapewa tarehe 10 Septemba 1846. Mwaka mmoja kabla yake, huko Boston, alikuwa ameshindana na washonaji watano wa mkono akawashinda wote, mashine yake ikipiga mishono 250 kwa dakika.

Wanaosimulia habari hii kwa kawaida huendelea na kesi za mahakamani. Mimi naomba mtazame kitambaa. Katika mashine ya Howe, kitambaa kilining'inizwa wima kwenye bamba lenye vipini vidogo, kikasogea pamoja na bamba lile. Bamba likifika mwisho, kazi inasimama, kitambaa kinachomolewa na kuchomekwa upya. Kwa hiyo ulipata mstari mnyoofu, tena mfupi. Nani angeitamani mashine ya namna hiyo? Mtengenezaji wa koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno. William Thomas wa London, aliyekuwa akiuza koseti na miavuli, ndiye aliyenunua haki za Uingereza, na Howe mwenyewe akavuka bahari kwenda kuirekebisha mashine kwa ajili ya kazi hiyo. Aliyewahi kushona koseti haoni ajabu. Koseti ni mistari, mistari, mistari: mifupi, minyoofu, sambamba, juu ya kitambaa kigumu, na kila mfereji wa mfupa, yaani kijiti cha kulikaza vazi, unataka mistari miwili isiyoyumba hata kidogo. Mkono wa binadamu huichoka kazi hiyo mapema. Ndiyo maana ukiwa na koseti ya miaka ya 1860 mbele yako, usishangae kuona imeshonwa kwa mashine kila mahali huku gauni lililovaliwa juu yake bado lina mishono mingi ya mkono.

Gauni lilihitaji kitu kingine. Kiwiliwili cha gauni hakina mstari mnyoofu hata mmoja wenye maana. Kila mshono unapinda kufuata kifua, kiuno na bega. Isaac Singer, kwa hataza yake ya 1851, alikilaza kitambaa juu ya meza na kuisimamisha sindano wima, mguu ukikikandamiza. Lakini anayestahili shukrani zetu zaidi, kwa maoni yangu, ni Allen Wilson. Hataza yake ya 1854 ndiyo iliyoleta meno yanayoinuka, yakasogeza kitambaa, yakashuka, yakarudi yalikotoka. Meno yakiwa yameshuka na sindano ikiwa bado imezama kitambaani, kitambaa kiko huru kugeuzwa. Hapo ndipo mshono wa kupinda ulipowezekana bila kukiburuza kitambaa. Cherehani zenu za kompyuta nyumbani bado zinafanya hivyo hivyo.

Mwaka 1856 wenye hataza kubwa, akiwamo Howe, pamoja na kampuni za Singer, Wheeler & Wilson na Grover & Baker, waliacha kushtakiana wakaziweka hataza zao kwenye chungu kimoja, na kila mtengenezaji mwingine akawalipa. Mpango huo ulidumu hadi 1877. Ukiisoma tarehe hiyo kama mshonaji, ina maana: baada yake watengenezaji waliongezeka na mashine zikaenea majumbani. Na mwaka huohuo wa 1856 kizimba cha krinolini, fremu ya pete za feleji inayovaliwa chini ya sketi kuitanua, kilipata hataza. Sketi zikatanuka hadi pindo la gauni moja likapita mita nne. Anayebisha kwamba mashine na krinolini zilihitajiana, ajaribu kukunga pindo la mita nne kwa mkono, kisha aje tuzungumze.

Wheeler & Wilson walitangaza kwamba shati la mwanamume lililochukua saa 14 na dakika 26 kwa mkono lilichukua saa 1 na dakika 16 kwa mashine yao. Ni tangazo la muuzaji, lisomwe hivyo. Hata ukilipunguza nusu, bado ni muda mwingi uliookolewa. Ulikwenda wapi? Lichukue gauni la miaka ya 1870 ulione mwenyewe. Ulikwenda kwenye marinda, kwenye vitambaa vilivyokunjwa mikunjo mikali ya upande mmoja, kwenye mikanda ya hariri iliyoshonwa ukingoni mwa mikanda mingine ya hariri. Mashine haikumpumzisha mshonaji, ilimwongezea mapambo. Mara nyingi ndani ya gauni hilo utakuta mishono mirefu ya mashine, kingo mbichi zilizozungushiwa uzi kwa mkono, vitundu vya vifungo vya mkono, na mifupa iliyoshikizwa kwa mkono. Hata magauni ya nyumba ya Charles Frederick Worth, aliyeanzisha biashara yake Paris mwaka 1858 akawavisha matajiri wa Ulaya, yanachanganya mashine na mkono bila haya. Kwa hiyo anayewaambia kwamba nguo bora ya kihistoria lazima iwe ya mkono mtupu, mwulizeni ya mwaka gani.

Hapo ndipo vifaa vya ziada vinapoingia, navyo navipenda kuliko mashine zenyewe. Kuna kifaa cha kukunja marinda kinachosukuma kitambaa kidogo chini ya sindano kila mishono kadhaa. Kuna vya kukunja pindo jembamba sana, vya kufunga ukingo kwa utepe, vya kupima mikunjo sambamba ili mkunjo unaofuata uwe sawa na uliotangulia. Singer walikuwa na sanduku la mbao lenye bawaba, hataza ya 1889, linalofunguka na kulala bapa huku kila kifaa kikiwa kwenye nafasi yake. Wakusanyaji hulisaka kwa uzuri wake. Wewe lisake kwa sababu upana wa pindo unaotolewa na kifaa kile ndio upana utakaoukuta kwenye blauzi na nguo za ndani za kipindi kile. Ukikunja kwa macho utapindisha, au utaweka upana unaopendeza leo. Kifaa hakijui kinachopendeza leo.

Haya, mtu anataka kununua. Anunue ipi?

Wengi hukimbilia ya zamani kuliko zote, na hapo ndipo pesa hupotea. Swali la kwanza ni sindano. Wheeler & Wilson za mwanzo hutumia sindano iliyopinda, na kuipata ni kazi ya uvumilivu. Singer ya mwaka 1865 waliyoiita New Family, yenye kitako cha umbo la fidla, inataka sindano ya aina yake, ambayo haipatikani kirahisi. Willcox & Gibbs nayo ina yake. Lakini Singer za modeli 27, 28, 127, 128, 15, 66, 99, 201 na ile ndogo ya 221 iliyotoka 1933, zote zinatumia sindano ya 15x1, ileile inayouzwa leo kwa jina la 130/705 kwa ajili ya cherehani za kawaida za nyumbani. Ukiwa unaanza, chukua mojawapo ya hizo. Za familia ya 27 na 28 zina kasha la uzi wa chini lenye umbo la risasi ndefu na bobini, kijiti cha kuzungushia uzi huo, nyembamba kama njiti. Hakikisha kasha lipo na angalau bobini mbili tatu. Mashine iliyopoteza kasha lake ni pambo hadi upate jingine. Modeli 15 ina bobini ya duara, ni ngumu, haichagui uzi, na fundi yeyote anaifahamu.

Namba ya mashine itakupa mwaka. Singer zilianza kutumia herufi mbele ya namba mwaka 1900. Yenye tarakimu tupu ni ya karne ya 19. Usimwamini muuzaji anayesema ni ya miaka mia mbili. Hakuna.

Na usimwamini pia anayekwambia kuna utajiri umefichwa ndani. Mwaka 2009 nchini Saudi Arabia ulivuma uvumi kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu, dutu ya kimiujiza isiyokuwapo. Watu wakawa wanazisogezea simu za mkononi kwenye sindano wakipima kama mtandao utakatika, na bei ikapaa hadi polisi wakaingilia kusema ni utapeli. Ndani ya Singer kuna chuma, mafuta yaliyoganda, na pamba ya mwaka 1920.

Mafuta yaliyoganda ndiyo sababu kuu ya mashine kukataa kuzunguka, na watu huzitupa wakidhani zimekufa. Usilazimishe gurudumu. Tia mafuta ya taa kidogo kwenye kila kitundu cha mafuta na kila mahali chuma kinaposugua chuma, ipashe joto kwa kikausha nywele, iache, irudie, jaribu kuligeuza polepole mbele na nyuma. Ikilegea, futa uchafu wote kisha tia mafuta halisi ya cherehani. Mafuta ya kupikia yataganda upya vibaya kuliko mwanzo. Toa sahani ya sindano uchokonoe vumbi kwenye meno. Nimeona mashine zilizosemwa haziburuzi kitambaa, kumbe meno yamezama kwenye blanketi la vumbi.

Ngozi ya nje inataka huruma zaidi. Weusi ule unaong'aa mara nyingi umefunikwa kwa vanishi ya shelaki, utomvu wa asili, na nakshi za dhahabu ziko chini yake au ndani yake. Spiriti huyeyusha shelaki. Pitisha kitambaa chenye spiriti mara moja tu na nakshi zilizostahimili miaka 120 zinaondoka nacho. Dawa za kusafishia zenye amonia huzigeuza nakshi kuwa na rangi ya fedha. Tumia mafuta ya cherehani kwenye pamba laini, subira, basi. Kama nakshi zimeshafutika mahali ambapo mkono wa mshonaji ulikuwa ukipita, ziacheni. Wapo wanaobandika mpya. Mimi sioni haja: alama ile ni ya kazi, na sisi ndio tunaojidai kusoma alama za kazi kwenye nguo.

Kuhusu kushona kwenyewe: cherehani hizi nyingi hupiga mstari mnyoofu peke yake. Hakuna zigizaga, hakuna ovaloki, na nyingi hazirudi nyuma. Huo ndio utajiri wake. Bila zigizaga, unalazimika kuuliza ukingo mbichi utafanywa nini, na majibu yako yatakuwa yale ya wahenga wa ufundi huu: kukunja na kushona mara ya pili, kuficha ukingo ndani ya mshono, kuzungushia uzi kwa mkono, au kufunga utepe. Bila kurudi nyuma, utaziacha ncha za uzi ndefu, utazivuta upande mmoja na kuzifunga fundo. Ukikuta ncha zilizofungwa hivyo ndani ya gauni la 1885, utajua mkono ule ulikuwa na mashine kama yako.

Mwenye mashine ya mkono wa kuzungusha atalalamika kwamba anashona kwa mkono mmoja. Kweli, na hilo litamfundisha kupiga bandi, yaani kushikiza kwanza kwa mishono mirefu ya mkono. Mafundi wa zamani walipiga bandi kila mshono kabla ya kuupeleka kwenye mashine, na bandi iliyopigwa vizuri haihitaji mkono wa pili. Mashine ya miguu inaachia mikono yote miwili, na kwa hariri nyepesi siibadilishi na kitu. Unaweza kupiga mshono mmoja, ukasimama, ukageuza, ukapiga mwingine.

Uzi uwe wa pamba kwa kitambaa cha pamba na kitani, wa hariri kwa hariri na sufu. Uzi wa poliesta una nguvu kuliko kitambaa kinachoigizwa. Nguo ikivutwa, uzi unabaki na kitambaa ndicho kinachochanika. Urefu wa mishono upunguze: milimita 2 au chini kidogo itakupeleka karibu na nguo nyingi za nusu ya pili ya karne ya 19.

Turudi kwenye mshono wa mnyororo. Kampuni ya Willcox & Gibbs ilijengwa juu ya hataza ya James Gibbs ya 1857, na mashine zake ni kimya kiasi cha kukufanya udhani hazifanyi kazi. Mshono wake wa uzi mmoja, usipoufunga mwishoni, hufumuka wote kwa mvuto mmoja. Kwa mshono wa kubeba uzito wa sketi hilo ni janga. Kwa kushikiza mapambo yatakayotolewa nguo ikifuliwa, au kwa bandi ndefu, ni raha tupu. Kama unachunguza nguo halisi, geuza mshono: upande mmoja mistari ya kawaida, upande wa pili pete zinazoingiliana, hapo una mnyororo. Grover & Baker ya nyuzi mbili huacha tuta linaloonekana wazi upande wa chini, na ililaumiwa kwa kula uzi. Mshono uliofanana juu na chini ni wa nyuzi kufungana katikati. Kwa hayo matatu tu unaweza kuanza kuzungumza na nguo kuhusu mashine iliyoishona.

Kabla sijapanda hapa niliulizwa nje kama ni dhambi kuigeuza cherehani ya umeme iwe ya mkono. Mota za zamani zina nyaya ambazo mpira wake umekauka na kukatika, na hizo zisichomekwe ukutani kabla fundi wa umeme hajazibadilisha. Kuitoa mota na kufunga mkono wa kuzungusha kunaruhusiwa kabisa, mradi kila skrubu na kila waya uviweke kwenye mfuko wenye jina la mashine, ili anayekuja baada yako aweze kurudisha. Gurudumu zima lisilo na spoki halikubali mkono. Tafuta lenye spoki linaloingia kwenye modeli yako.

Pale mezani kuna tatu zimefunguliwa matumbo. Njooni mzizungushe, gurudumu lije upande wenu, isipokuwa ile Wheeler & Wilson ya pembeni, ambayo gurudumu lake huenda mbele; ukilirudisha kinyume, uzi utasokotana chini na wewe ndiye utakayeufumua.